Kamba Niliyoivuta Kueleza Neno Sababu

Leo nimeaibika mchana kweupe, na walioniona ni wengi kuliko wanaokuja kuswali Ijumaa. Nawaandikia ninyi, wenzangu wa barazani mliohamia Mombasa na Nakuru, kabla habari haijawafikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Naijua Majengo yetu ya Pumwani. Hadithi ikifika kwenu itakuwa imenenepa njiani, na mtaambiwa Maalim Athmani amebatizwa.

Sijabatizwa. Nililowa tu.

Nianze mwanzo. Mnajua kwamba nafundisha watoto kwenye madrasa ya uani, nyuma ya msikiti. Nimefundisha wazazi wao, na wengine nimefundisha bibi zao. Alhamdulillahi, sauti bado ipo na macho yapo kiasi. Sasa wiki iliyopita Mzee Bakari, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, alinifuata baada ya swala. Huyu Mzee Bakari aliendesha malori mpaka akastaafu, na hadi leo akizungumza nawe anatazama mbele kama yuko barabarani.

"Maalim," akasema, "umetufanyia kazi kubwa. Tumeonelea upumzike."

"Kwani nimechoka?"

"Hujachoka."

"Basi nipumzike nini?"

Akatazama barabara yake. Kisha akalitoa la moyoni. Kuna kijana wetu, Ustadh Farid, amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Anasema Kiarabu kama mtangazaji wa redio. (Mimi nasema Kiarabu kama mtu aliyeuma ndizi ya moto.) Kamati ilitaka kumpa Farid watoto wangu. Mimi ningepewa kiti karibu na dirisha, na chai kila jioni.

Naishukuru kamati kwa chai. Lakini watoto wale ndio wanaoniamsha alfajiri nikiwa na hamu ya kuona mchana. Nikamwambia Mzee Bakari waje wanisikilize kwanza. Wakiona sifai, nitakwenda dirishani mwenyewe, bila kusukumwa. Akakubali. Tukapanga iwe leo, Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri.

Somo nililolichagua ni neno moja tu: sababu.

Nililichagua kwa kuwa watoto wa Majengo hawana neno wanalolipenda zaidi. Mtoto akichelewa, ni kwa sababu maji yalikatika. Asipohifadhi aya zake, ni kwa sababu ya kelele za fundi wa sufuria. Asipokuja kabisa, ni kwa sababu "Maalim, nilifika mlangoni nikaona hakuna viatu, nikajua hakuna mtu." Nikasema, basi wajue hili neno wanalolitumikisha hivi lilitoka wapi.

Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alinieleza nikiwa mdogo, na sijasahau. Neno hili tumelipata kwa Waarabu. Kwao ni *sabab*, na hapo zamani sabab ilikuwa kamba. Si kamba yoyote, bali ile ya kumfikisha mtu mahali: ya kupandia mtende, au ya kuteremsha ndoo kisimani. Hata katika Msahafu limo kwa maana hiyo ya kamba. Baadaye watu wakaanza kuita sababu kila kitu kinachokufikisha kwenye kitu kingine. Njia ikawa sababu. Dawa ikawa sababu ya kupona. Ndipo neno likavuka bahari likatufikia sisi, nasi tukalifanya la kujitetea. (Watu wenye kisima walituletea kamba, sisi tukajifunika nayo.)

Na ndani yake kuna imani pia. Kamba haitoi maji. Maji anatoa Mwenyezi Mungu. Lakini anayekaa ukingoni mwa kisima na kusema Mungu atanipa, huku kamba iko miguuni pake, huyo atakufa na kiu akiwa na adabu nzuri.

Niambieni kama hilo si somo. Mpaka sasa nasema ni somo.

Basi leo wakaja. Mzee Bakari, wazee wa kamati, na Ustadh Farid mwenyewe, kanzu yake nyeupe hadi inaumiza macho. Wakakaa kwenye benchi. Watoto wangu mkekani. Uani kulikuwa na matope kidogo karibu na bomba, kwa mvua ya jana. Ng'ambo ya ukuta wa mabati, nyumbani kwa jirani yetu Mama Nduku, wanawake wa kwaya ya kanisa lao walikuwa ndani wakifanya mazoezi ya kuimba. Mama Nduku ni mtu wa Machakos, ana sauti kubwa na moyo mkubwa, na tumeishi naye vizuri miaka yote. Akipika mahamri sisi twanusa, tukisoma Maulidi yeye huketi nje kusikiliza.

Nikaanza. Nikaeleza neno, nikaeleza Waarabu, nikaeleza kisima. Watoto walinyamaza kwa namna ile ninayoijua, ile ya kusikiliza. Nikaona mambo yanakwenda.

Mzee Bakari akakohoa. "Maalim, samahani. Sababu ni sababu. Kamba ni kamba. Mtoto wa Nairobi kisima atakijulia wapi?"

"Maalim anasema kweli," Ustadh Farid akasema kwa upole. "Kwenye kamusi ndivyo ilivyo."

"Kwenye kamusi," Mzee Bakari akasema. "Hapa tuko Pumwani."

Wenzangu, neno lile liliniingia. Nikasema, hawa nitawaonyesha kwa macho. Nilikuwa nimepanga kuja na kamba yangu kutoka nyumbani, lakini nilipoitafuta asubuhi nikakuta mke wangu amefungia gunia la makaa, na gunia la makaa la mke wangu haliguswi na mtu anayependa amani. Nikatazama huku na huku. Hapo kwenye nguzo ya baraza ya madrasa nikaona kamba imefungwa. Nzuri, ngumu, ya katani. Inapanda juu ya ukuta wa mabati na kupotelea upande wa pili.

Nikajiambia ni ya mafundi waliokuwa wakiziba paa letu juzi. Wameisahau. Mwenyezi Mungu ameniwekea. Nikashukuru kabisa, kwa sauti.

Hapo Rukia akainua mkono.

Rukia ni mwanafunzi wangu wa mstari wa mbele, binti mwenye akili na maswali. Mnajua sheria yangu: maalim akifundisha, maswali ni mwishoni. Nimeifuata sheria hiyo na wazazi wao, na leo mbele ya kamati sikuwa tayari kuonyesha darasa lisilo na nidhamu.

"Subira, Rukia," nikasema.

Nikafungua fundo. Kamba ikalegea mkononi.

"Maalim," Rukia akasema, "hiyo kamba..."

"Rukia. Subira."

Akashusha mkono. Nikawageukia watoto. "Mnaiona? Upande huu mimi. Upande ule hamuuoni. Hiyo ndiyo sababu. Ukiivuta, kitu usichokiona kinakuja kwako. Tazameni."

Nikavuta. Ikaja kidogo, kisha ikakwama.

(Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza kwa nini kamba ya mafundi ina uzito. Mimi nilifurahi.)

"Mnaona ni nzito?" nikasema. "Ni nzito kwa kuwa kuna kitu kimefungwa huko. Kamba isiyo na kitu ni nyepesi. Sababu isiyo na kitu ni uongo."

Hata Mzee Bakari aliinua kichwa. Nikaona nimemshika. Ng'ambo ya ukuta kwaya ikapandisha sauti, na mimi nikapandisha yangu juu yao. Rukia alikuwa ameinua mikono yote miwili. Nikatikisa kichwa.

"Mwenyekiti," nikasema, "njoo ushike. Neno hili halieleweki mpaka liwe mkononi."

Akaja. Hakutaka watoto waseme dereva wa malori ameogopa kamba. Nikamwita na Ustadh Farid, nipate wote wawili upande wangu. Akakunja mikono ya ile kanzu yake nyeupe, akashika nyuma ya mwenyekiti. Tukapanga miguu.

"Bismillahi," nikasema. "Vuta."

Tukavuta.

Kwanza tulisikia mabati yakilia. Kisha kishindo kule upande wa pili, kama nguzo imeng'oka, na kweli ilikuwa nguzo imeng'oka. Halafu mbingu ikawa ya zambarau. Yalikuja juu ya ukuta yote kwa pamoja, mazito, mabichi, yakipigapiga kama ndege wakubwa, moja baada ya jingine, bado yamebanwa kwa vibanio kwenye kamba yetu. Mimi nilianguka kwa makalio kwenye matope ya bomba. Mzee Bakari alisimama imara, ila kichwa hakikuonekana. Ustadh Farid alikuwa amekumbatia kitu kirefu chenye kola nyeupe, akikitazama kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Yalikuwa majoho ya kwaya. Kwaya nzima.

Kule ng'ambo wimbo ukakatika katikati ya neno.

Kisha nikasikia ndara za Mama Nduku zikizunguka kwa nje, lango likafunguliwa, na yeye akaingia na wanawake wenzake nyuma yake. Akasimama. Akatazama matope, akatazama majoho, akamtazama mwenyekiti wa kamati ya msikiti aliyekuwa bado anatafuta mahali pa kutolea kichwa.

"Maalim Athmani," akasema.

"Mama Nduku."

"Hayo ni majoho ya kwaya."

"Nayaona."

"Yalikuwa kwangu."

"Ni kweli."

"Sasa yako kwako."

"Hilo pia ni kweli."

Akavuta pumzi. "Na kesho askofu anakuja kanisani. Nimeyafua tangu alfajiri na maji ya kubeba mgongoni. Maalim, kuna sababu?"

Nikatazama mkononi mwangu. Kamba ilikuwa bado nimeishika.

Watoto wangu, ambao kwa somo zima walikuwa wametulia kama malaika, walilala mkekani kwa kicheko. Na wazee wa kamati waliobaki kwenye benchi wakaangalia chini, mabega yakicheza.

"Mimi ndiye niliyeifunga hiyo kamba," Rukia akasema, akikaribia kulia. "Asubuhi nguzo moja ya kuanikia nguo ilivunjika. Mama Nduku akaniomba niifunge upande huu. Nilitaka kukuambia, Maalim."

Alitaka kuniambia. Nilimwambia subira mara ngapi, msinihesabie.

Sasa, hapa ndipo wengine wangejitetea. Mimi sikujitetea. Niliinuka, matope yakinichuruzika, nikasema: "Mama Nduku, utayapata majoho yako safi kabla ya jua kuzama. Tutayafua sisi."

"Sisi nani?" akauliza Mzee Bakari, ambaye sasa alikuwa ametokeza.

"Walioshika kamba."

"Kwa maji gani? Bomba halijatoa tone tangu juzi."

"Kwa maji ya tangi."

"Maalim. Hayo ni maji ya kutawadhia."

"Na huu ni uchafu tulioutia sisi kwenye nguo za watu wanaokwenda kumsifu Mungu. Mwenyekiti, ukitaka kutawadha huku majoho ya jirani yako yamelala kwenye tope ulimoyavutia wewe, tawadha. Mimi nafua. Maji ya alasiri nitayanunua kwenye mkokoteni."

Alinitazama. Mara ya kwanza leo hakutazama barabara, alinitazama mimi. Kisha akavua saa yake akampa mtoto amshikie.

Tukaleta makarai. Mama Nduku akaleta sabuni ya unga, na akakaa kwenye benchi la kamati kutusimamia. "Hapo kwenye kola, Ustadh," alikuwa akisema. "Sugua pole pole, hiyo si zulia." Ustadh Farid alikuwa akijibu "Ndiyo, mama," kila mara. Nilikuwa sijampenda kijana huyo mpaka nilipomwona akisuuza.

Majengo haina siri. Vijana walikuwa wamepanda juu ya ukuta kabla karai la kwanza halijajaa.

"Niaje, Maalim? Kwaya inaanza saa ngapi?"

"Cheki wabuda wa msikiti wanadobi majoho."

"Maalim, utaimba sauti ya kwanza ama ya tatu?"

"Ya pili," nikawajibu. "Ya kwanza ni ya mwenyekiti." Nilikuwa nimeshaumbuka, sasa niogope nini?

Lakini lililobaki ndilo lililokuwa gumu. Majoho yamesafika, yataanikwa wapi? Nguzo za Mama Nduku zote mbili zimeng'oka au kuvunjika. Uani kwetu jua lilikuwa limeshapita nyuma ya paa. Jua la kutosha lilikuwa mahali pamoja tu: mbele, kwenye uzio wa chuma wa msikiti, unaotazama barabara.

Mzee Bakari alilijua hilo wakati mmoja na mimi. "Hapana," akasema.

"Tumeahidi."

"Wewe ndiye uliyeahidi."

"Basi nitayabeba mimi."

Nikayabeba. Nikatoka na majoho ya kwaya begani na mikononi, kanzu yangu ya tope imegeuka zambarau hadi kiunoni, nikapita kwenye kichochoro mbele ya wauza kahawa, mbele ya kinyozi, mbele ya wanawake wanaopanga vitumbua. Hakuna aliyenisalimia. Si kwa ubaya. Walikuwa hawajui waseme nini. Nikayaanika moja moja kwenye uzio wa msikiti, nikayanyoosha kola, mpaka uzio mzima ukawa umevaa. Na hapo ndipo adhana ya alasiri ilipotoka.

Watu wakaanza kuja kuswali.

Kuna mzee mmoja hutoka Gikomba kila siku, hasemi sana. Alisimama langoni muda mrefu akitazama uzio. Kisha akaniuliza, kwa heshima kabisa: "Maalim, msikiti mmeuuza?"

"La."

"Mmekodisha?"

"La, mzee wangu. Karibu, ingia uswali."

Akavua viatu. Lakini aliingia taratibu, akichungulia kwanza. Mimi nikaingia nyuma yake, nimesimama safu ya mbele na mikono ya zambarau. (Rangi si najisi. Nilifikiri vizuri kabla ya kuanza.)

Baada ya swala kamati ikakaa uani kuamua. Mzee Bakari akasafisha koo. Kofia yake nayo ilikuwa imeshika rangi upande mmoja. "Tumeona tulichokiona," akaanza, na kwa sauti ile nilijua kiti cha dirishani kimekwisha kupanguswa vumbi.

"Mwenyekiti," nikasema, "hukuja kuangalia kanzu yangu. Ulikuja kuangalia kama watoto wanajifunza. Hujawauliza."

"Maalim..."

"Waulize. Mchague unayemtaka. Wakishindwa, nileteeni chai."

Akatazama mkeka. Kwa makusudi akamchagua Saidi, mtoto ambaye katika darasa langu ameshughulika zaidi na usingizi. Saidi alisimama akifikicha macho.

"Sababu ni nini?" Mzee Bakari akauliza.

"Ni kamba," Saidi akasema.

"Kamba gani?"

"Ya Waarabu. Ya kisima. Ukiivuta kuna kitu kinakuja."

"Kitu gani?"

Saidi akamtazama kana kwamba mzee hana akili. "Si inategemea imefungwa wapi? Kwani si ninyi ndio mliovuta?"

Hakuna aliyecheka. Ustadh Farid aliinamisha kichwa, kisha akasema polepole, "Mwenyekiti, mimi nilisoma neno hili miaka mingi. Leo ndiyo mara ya kwanza kunipiga kichwani. Kama kuna nafasi, mimi nitafundisha sarufi, siku nyingine. Jumamosi iwe ya Maalim."

Rukia akainua mkono. Safari hii, wenzangu, nilimpa nafasi papo hapo.

"Na mtu akiinua mkono," akasema, "asikilizwe."

Hilo nimelikubali. Katika yote yaliyotokea leo, ni hilo tu nililolikubali.

Mzee Bakari akainuka. "Darasa ni lako," akasema, akitazama barabara yake tena. "Ila kwa sharti. Wiki ijayo chagua neno lisilohitaji kamba."

"Neno nitachagua mimi," nikamwambia. "Kamba nayo nitaitumia nikiihitaji. Nitakwenda kwanza ng'ambo ya ukuta kuuliza."

Majoho yalikauka. Mama Nduku aliyahesabu, akayakunja, akaniambia kola hazijawahi kuwa nyeupe hivi, na kwamba kesho nimealikwa kanisani kukaa nyuma nione matokeo ya kazi yangu. Nguzo zake nitazisimamisha mwenyewe kesho asubuhi, inshallah, pamoja na mwenyekiti, ambaye bado hajaambiwa.

Basi ndiyo hivyo. Mtakayoyasikia zaidi ya haya, yameongezwa. Na yeyote kati yenu anayetaka kunicheka, simkatazi: aje Jumamosi ijayo, avue viatu, akae mkekani na watoto, na akitaka kucheka ainue mkono kwanza. Nitamsikiliza.